Mwalimu mgeni njoo, mwenyeji apone

Kijana wetu akipata kazi ya kufundisha Uchina, ukoo mzima haulali. Baba hukopa za nauli, mama hununua sweta tatu, shangazi huulizia mambo ya viza, na yeyote aliyewahi kupita Beijing huitwa nyumbani aje aeleze. Watu huketi jioni wakiulizana: Atakula nini huko? Atalala wapi? Nani atamwonyesha soko lilipo? Na lugha yao ataishika lini?

Lakini kijana huyo huyo akipangiwa kwenda kufundisha Mbeere au Igembe, huambiwa nini? "Nenda salama, huko si ni Kenya tu?" Hufungiwa sanduku, hupandishwa gari la usiku, na mambo yakaishia hapo.

Leo nataka tuzungumze juu ya safari hii ya pili. Nimejionea katika ukoo wangu mwenyewe kwamba mtu anaweza kuwa mgeni kabisa ndani ya nchi yake, na kitambulisho cha nchi hiyo kiko mfukoni.

Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, alizaliwa na kulelewa Kilifi. Mnamo Septemba 2023 alikuwa miongoni mwa walimu wanagenzi waliopelekwa kufundisha shule za sekondari msingi (JSS), madarasa ambayo yalikuwa yameanza Januari ya mwaka huo kwa wanafunzi wa Gredi ya 7. Posho ilikuwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Shule aliyopewa iko Mbeere Kusini, katika kaunti ya Embu, unateremka Kiritiri kisha unachukua bodaboda. Mama yake alimfungia mablanketi mawili mazito na sweta ya sufu, maana kwetu Pwani ukitaja Embu, watu huona theluji ya Mlima Kenya.

Binti akafika akakuta jua la kukausha ulimi.

Hilo ndilo kosa la kwanza la mgeni, na ni letu sote tusiozaliwa huko. Twadhani Meru na Embu ni mahali pamoja penye hali moja. La hasha. Nchi ile ni mteremko. Huko juu, karibu na msitu wa mlima, kama vile Manyatta na sehemu za Runyenjes, utakuta chai na kahawa, umande na matope. Kadiri unavyoteremka kuelekea mashariki ndivyo mvua inavyopungua, hata ukifika Mbeere, au Tharaka huko ng'ambo, shamba ni la ndengu, mtama na kunde, na maji yanaletwa na punda. Mbeere ndiko yaliko mabwawa ya umeme ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Lile la Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968. Ajabu ni kwamba jirani wa mabwawa hayo anaweza kuwa ndiye anayenunua maji kwa mtungi.

Mpwa wangu alinipigia simu wiki ya kwanza. "Shikamoo mjomba. Haya mablanketi niyafanyeje?"

Wakati huo huo, mwenzake waliyesoma naye chuo, mzaliwa wa Busia, alikuwa amepelekwa Kibirichia, kaunti ya Meru. Huko ni nchi ya viazi, na baridi yake ya alfajiri hupenya mpaka kwenye mifupa. Yeye alikwenda na shuka moja nyepesi na ndara. Basi blanketi moja la dada yangu likasafirishwa kwa matatu kutoka Embu, likapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, likavuka mstari wa ikweta kabla ya kuingia Meru mjini, likapokewa Kibirichia na binti aliyekuwa akilala na koti.

Kwa hivyo wewe uliye chuoni leo, iwe ni Kigari, Egoji, Meru au kwingineko, ukipewa barua yako usiulize kaunti tu. Uliza: Ni juu au ni chini? Maji yanatoka wapi? Gari la mwisho la jioni ni saa ngapi? Maswali hayo matatu yatakufaa kuliko ramani.

Sasa tuje kwenye pesa, jambo ambalo vijana huona haya kulitaja. Binti yetu alifika na akiba ndogo akiamini mwezi hauko mbali. Mwenye nyumba akataka kodi ya mwezi mmoja na nyingine ya amana. Likafuata godoro, likafuata jiko, sufuria mbili, ndoo, pazia, kufuli. Kila kitu ni kidogo, lakini vidogo kumi ni kikubwa kimoja. Wiki ya tatu alibakiwa na noti moja ya Sh200, na mwisho wa mwezi bado uko mbali.

Alikuwa amezoea kununua unga na sabuni kwa mama mmoja mwenye duka karibu na shule. Siku hiyo alisimama mbele ya kaunta, akanunua kiberiti peke yake. Yule mama akamtazama, akachukua daftari lake la madeni, akafungua ukurasa mpya na kuandika juu: MWALIMU WA SAYANSI. Kisha akamuuliza, "Unataka unga kilo ngapi?"

Binti alishikwa na aibu. "Mama, hunijui. Je, nikiondoka?"

"Ukiondoka nitawauliza watoto wa darasa lako umekwenda wapi," akajibiwa. "Wao watakuwa wamepoteza zaidi yangu."

Msomaji, nakusihi ulirudie jibu hilo. Shule yao ilikuwa na walimu wawili tu wa JSS, na masomo yote ya Gredi ya 7 yalikuwa juu yao. Hali hiyo haikuwa ya shule moja. Shule nyingi nchini zilianza JSS hivyo hivyo, mwalimu aliyesomea Kemia na Bayolojia akijikuta anafundisha hata kilimo na sanaa. Katika shule ya namna hiyo, mwalimu mmoja akifunga virago katikati ya muhula, nusu ya masomo imekwenda naye. Mama wa duka hakusoma ualimu, lakini alijua hesabu hiyo.

Ushauri wangu kwa wazazi: ikiwa mna cha kumpa mwanenu, mpeni pesa za kumfikisha miezi miwili, kodi na chakula, badala ya suti mpya ya kuripotia kazini. Na kwako wewe kijana: lipa deni la duka siku ile ile posho inapoingia, kabla ya jingine lolote. Kijijini jina lako linakaa katika daftari hilo.

Tukija kwa upande wa lugha, mpwa wangu alidhani yeye hana shida. Nani amfundishe mtu wa Kilifi Kiswahili? Lakini siku ya kwanza alipofungua kinywa, darasa zima liliinama likicheka. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu anaongea kama redio." Isitoshe, wakati wa chai walimu wenzake walipiga gumzo kwa Kimbeere, naye akikaa kando na kikombe chake kama mtu anayengojea gari. Hawakumchukia. Walisahau tu kwamba yupo.

Mwenzake wa Kibirichia alikuwa mwerevu zaidi. Yeye alianza na neno moja, "Muga", ambayo ndiyo salamu ya Wameru. Alimsalimu hivyo mlinzi wa lango, mpishi wa shule, kina mama wanaochimba viazi, na watoto njiani. Aliposhindwa kuendelea aliwaambia wamfundishe, nao wakafurahi, kwa sababu hakuna asiyependa kuwa mwalimu wa mwalimu. Hata hivyo usidhani neno moja litakuvusha kote. Kimeru kina Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, na lahaja nyingine za upande wa Chuka, Mwimbi na Tharaka. Embu nako kuna Kiembu na Kimbeere, jamaa wa karibu lakini si pacha. Uliza wenyeji wa hapo hapo wanasalimianaje, wala usiende na salamu ya kijiji kingine ukidhani umewasifu.

Mpwa wangu alipoiga ujanja huo, gumzo la chai likabadilika. Kila alipoingia, mmoja alimsalimu kwa Kimbeere polepole, wote wakangoja ajibu, akikosea wanacheka, akipatia wanapiga makofi. Baada ya hapo walimalizia mazungumzo kwa Kiswahili ili naye asikie.

Sasa nakuja kwenye jambo lililotaka kuivunja kazi yake, nalo halikuwa baridi wala njaa.

Unajua, msomaji, kwamba Mbeere ndiko nyumbani kwa muguka, kama vile Igembe ilivyo nyumbani kwa miraa. Ni mmea wa jamii moja. Wa miraa hutafuna ganda la vijiti vichanga, wa muguka hutafuna majani. Muguka ni rahisi bei, na kwa miaka mingi umekuwa ukishuka Pwani kwa magari. Huko Pwani wazazi wengi wanalia kwamba umewamaliza vijana wao. Mnamo Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Embu ikawaka moto. Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu, akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha kwa muda utekelezaji wake.

Wengine waliyasoma hayo gazetini wakafungua ukurasa wa michezo. Lakini mfikirie binti wa Kilifi aliyesimama mbele ya darasa la Mbeere katika muhula huo. Yeye ana ndugu, mdogo wake anayemfuata. Kijana huyo aliacha shule akiwa Kidato cha Pili. Mchana analala, usiku haonekani, na shavu moja limejaa. Dada yangu ameuza kitanda cha mbao cha harusi yake kwa ajili ya madeni ya kijana yule. Mimi mwenyewe nimeongea naye mpaka nimechoka.

Basi siku moja somo lilipofikia habari za afya na vileo, mtoto akamuuliza mwalimu kuhusu muguka. Naye akajibu kwa yaliyomo moyoni. Alisema muguka ni sumu, na anayelima sumu ya kuwaua watoto wa wenzake anajua anachofanya.

Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele, mtulivu, mwenye daftari safi, akainua mkono. "Mwalimu, hii sare yangu ni ya muguka. Na karo ya kaka yangu ni ya muguka. Niivue?"

Usiku ule mpwa wangu alinipigia simu akilia. Alikuwa amekwisha kupanga nguo sandukuni. "Mjomba, mimi hapa siwezi kufundisha. Wao wananiona adui, na mimi nikiwatazama namwona ndugu yangu."

Nami sikuwa na jibu. Nilimwambia tu alale, asubuhi iko.

Asubuhi baba wa msichana yule alikuja shuleni. Binti alimwona kutoka dirishani, magoti yakalegea, akajua leo ni leo. Lakini mzee yule alimwamkia kwa heshima, akamwomba akitoka kazini apite kwake aone shamba. Akaenda. Akaonyeshwa ekari moja na nusu ya vichaka vya muguka vilivyokatwa vikawa vifupi, na kando yake ndengu zilizokauka kabla ya kutoa punje. "Mwaka ule mvua ilikatika," mzee akasema. "Hizi zilikufa, hizo zikaishi. Ningewapeleka watoto shule na zipi?"

Ndipo naye akamweleza habari za ndugu yake. Hakuficha. Alisema mpaka kitanda cha harusi. Mzee alikaa kimya muda mrefu, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, sisi tunaona gari likiondoka tu. Linakokwenda hatulioni."

Msomaji, usidhani hapo walikubaliana. Mpaka leo mzee analima muguka, na mpaka leo mpwa wangu hauwezi hata harufu yake. Lakini siku ya pili alirudi darasani akawaomba watoto radhi kwa kuwahukumu wazazi wao, kisha akawafundisha somo lile upya, bila kulipunguza: muguka una nini ndani yake, unafanya nini kwa usingizi na kwa akili ya kijana anayekua, na kwa nini mwanafunzi asiuguse hata kama ndio unaomlipia karo. Walimsikiliza. Ameniambia hajawahi kusikilizwa vile.

Nguo akazitoa sandukuni.

Mambo hayakuwa laini baada ya hapo. Mwaka huo huo wa 2024 Mahakama ya Ajira ilikuwa imeamua kwamba utaratibu ule wa kuwaajiri walimu kama wanagenzi ulikuwa kinyume cha sheria, na wengi wao waligoma wakidai kazi ya kudumu. Kuanzia Januari 2025 wanagenzi 46,000 walipewa ajira ya kudumu, naye akiwamo. Hakuomba kuhamia Pwani. Wanafunzi wake aliowapokea Gredi ya 7 wakafika ya 9, wakawa miongoni mwa wa kwanza nchini kuufanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa mwaka 2025. Msichana wa sare ya muguka alikuwamo chumbani humo.

Nimeeleza haya yote kwa sababu najua katika nyumba nyingi mnaposoma ukurasa huu kuna barua ya kazi juu ya meza, na mama anayeuliza mwanangu ataishije huko. Jibu langu ni kwamba ataishi ikiwa atakubali kuwa mwanafunzi muhula wa kwanza. Aulize maji, aulize salamu, aulize shamba linalisha nani, kabla ya kuwafundisha watu mwenendo mwema. Ukweli wake asiufiche, lakini aujue kwanza mlango anaoubisha.

Wazazi nanyi, punguzeni simu za kila jioni za "Utarudi lini?" Mtoto anayeulizwa hivyo kila siku huishi na sanduku wazi. Muulizeni badala yake, "Leo umesalimiana na nani?"

Nanyi wenyeji, iwe ni Laare, Siakago, Timau au Ishiara, mwalimu mgeni akifika msimwachie mkuu wa shule peke yake. Mtajeni katika baraza la chifu, mwonyesheni nyumba isiyovuja, mwambieni gari la mwisho ni saa ngapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu ni chaki, nayo amekwisha kuipokea. Kilichobaki ni nyinyi kumpa zile siku mbili za ugeni.

Wiki jana nilimpigia simu mpwa wangu kumjulia hali. Alikuwa na haraka. "Mjomba, nitakupigia. Kuna mwalimu mpya anaripoti Jumatatu, anatoka Homa Bay. Nataka nimpitie mama wa duka kabla hajafunga, nimwambie afungue ukurasa."

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.